Aliyeshika Saa

Mpaka nilipofikisha miaka arobaini na tisa nilikuwa sijawahi kucheza mchezo wowote wa kompyuta, ukiondoa ule wa karata uliokuwa ukija na kompyuta za ofisini, ambao watumishi wa umma wanaonisoma wanaufahamu vizuri kuliko wanavyoweza kukiri mbele ya wakuu wao. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu, hasa wale waliozoea kukuta hapa habari za katiba, bajeti na vyama vya siasa, wanivumilie leo. Nitaandika juu ya mchezo wa kupiga risasi, na zaidi juu ya mchezo uliofuata baada yake, kwa sababu huo wa pili ulinifanyia jambo ambalo sijaweza kulisahau.

Aliyeniingiza katika habari hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akiishi kwangu wakati akisomea uhandisi. Jioni moja alinikuta nikilalamika kwamba vijana wanapoteza muda kwa michezo ya kuuana. Hakubishana nami. Alinivutia kiti mbele ya kompyuta yake, akaniwekea mkono juu ya kipanya, akasema, "Mjomba, tulia tu. Usitikise hata kidole."

Nikatulia. Mbele yangu palikuwa na chumba cheupe kama karatasi, na ndani yake mtu mwekundu, kama aliyechongwa kwa kioo, amenielekezea bastola nyeusi. Risasi ilikuwa imekwisha kutoka. Niliiona ikining'inia hewani, na nyuma yake mstari mwekundu mwembamba. Ilikuwa ikitambaa, polepole mno. Nilipogeuza shingo kidogo ikasogea. Nilipoacha, nayo ikaacha. "Sasa pita pembeni yake," akasema. Nikapita. Risasi ikagonga ukuta nilipokuwa nimesimama, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimeshika pumzi.

Mchezo huo unaitwa SUPERHOT. Ulitoka Februari 2016, na waliouunda ni kikundi cha mji wa Łódź, nchini Poland, kikiongozwa na Piotr Iwanicki. Umbo lake la kwanza lilitengenezwa mwaka 2013 kwa siku saba tu, katika shindano lililowataka washiriki watengeneze mchezo wa kupiga risasi kwa juma moja. Mwaka uliofuata waliomba michango ya watu kupitia Kickstarter. Walitaka dola 100,000 za Marekani, wakapata takriban 250,000. Kanuni ya mchezo wote ni moja: wakati husogea pale unaposogea wewe. Michezo ya kuchelewesha risasi ilikuwapo kabla yake, na tangu Max Payne wa mwaka 2001 jambo hilo lilikuwa limekwisha kuwa la kawaida. Lakini katika michezo ile kupunguza kasi ya wakati ni silaha ya ziada, unaitumia kisha inakwisha kama chaji ya simu. Hapa ndiyo sheria ya ulimwengu wenyewe. Ukipigwa risasi moja umekufa, ila unao muda wote unaoutaka wa kufikiri kabla ya hatua inayofuata.

Naweza kueleza kwa nini nilivutiwa. Mimi ni mtu wa kusoma na kusemea. Kazi yangu ni kutafakari mambo ambayo wengine wamekwisha kuyatenda. Ulimwengu unaomngoja mtu amalize kufikiri ni ndoto ya kila mhadhiri. Nilianza kumsumbua mpwa wangu kila jioni aniachie kompyuta kwa nusu saa, na yeye alikuwa na adabu ya kutonikumbusha maneno yangu ya awali.

Kuna kisa pia, na ndicho kilichonifanya niuchukulie mchezo ule kwa uzito. Unaanza katika skrini nyeusi yenye maandishi, mfano wa kompyuta za miaka ya themanini. Rafiki anakutumia programu na kukuhimiza uijaribu. Unatakiwa kumjibu. Nilianza kuandika jibu langu kwa Kiswahili, herufi kwa herufi, kama mtu mwenye adabu, lakini yaliyotokea kwenye skrini yalikuwa maneno mengine kabisa, ya Kiingereza, ya mtu mwenye hamu kubwa ya kuendelea. Nikamwambia mpwa wangu kibodi yake imeharibika. Akacheka. "Gonga popote, Mjomba. Maneno yapo tayari."

Nilinyamaza kidogo. Nimekaa katika vikao vingi maishani mwangu ambako maneno yalikuwa tayari. Nimeona makabrasha ya "maoni ya wadau" yakichapishwa kabla ya wadau kufika, na mimi mwenyewe nimewahi kuwa mdau katika mojawapo, nikagonga kibodi kwa bidii, nikalipwa posho yangu, nikaondoka nikiamini nimezungumza. Sikutarajia kukumbushwa hilo na kioo chekundu kutoka Łódź.

Kadiri kisa kinavyosonga mbele, programu inamwonya mchezaji aache. Anaacha, kisha anarudi, na kila anaporudi inambana zaidi: hutawali chochote, inamwambia, sisi ndio tunaokutawala. Mwishoni inamtaka aukabidhi mwili wake na ajiunge nayo, naye anatii, maana njia nyingine ni kuzima kompyuta, na nani anazima kompyuta kabla hajaona mwisho? Baada ya hapo anaagizwa awasifie wenzake mchezo huu, kwa maneno ambayo, bila shaka, ameandikiwa. Mchezaji mzoefu huumaliza wote kwa saa mbili au tatu. Mimi ulinichukua wiki mbili.

Mchezo wa pili, SUPERHOT: MIND CONTROL DELETE, ulitoka tarehe 16 Julai 2020, nao walipewa bure wale waliokuwa wamekwisha kununua ule wa kwanza. Ulikuwa umeanza kama nyongeza ndogo, ukauzwa kwa majaribio tangu Desemba 2017, ukaendelea kuvimba hadi ukauzidi kwa mbali ule uliouzaa. Vyuo vyetu vilikuwa vimefunguliwa mwezi mmoja na nusu tu kabla yake, baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, na kila mhadhiri nchini alikuwa na lundo la kazi za wanafunzi zilizochelewa. Nawataka mlikumbuke lundo hilo.

Tofauti ya michezo hii miwili huonekana mapema. Katika ule wa kwanza kila chumba kimepangwa kwa mkono. Mtu wa kwanza anatokea kwenye lifti, wa pili nyuma ya kaunta, na watatokea hapo hapo hata ukirudia mara mia. Unakufa, unarudi, unakariri, mpaka siku moja unapita katikati yao wote kama mtu anayeghani utenzi alioufundishwa utotoni. Katika ule wa pili vyumba vinajirudia lakini watu hawana mahali maalumu. Wanatokea popote. Kukariri hakukusaidii tena. Inabidi uwe na mazoea ya jumla, mwili uliokwisha kuzoeshwa. Kwa kufidia ugumu huo unapewa mioyo, yaani risasi ya kwanza haikuui, pengine hata ya pili. Kati ya chumba na chumba unachagua moja ya tunu mbili zinazowekwa mbele yako, na tunu hizo zinapotea ukishindwa. Upo pia uwezo mkubwa unaoupata kwa kudumu: kujirusha ghafla kwa adui na kumvunja, kuuita upanga urudi mkononi baada ya kuurusha, kuuhama mwili wako na kuingia katika wa mwenzako. Huu wa mwisho ulikuwapo katika mchezo wa kwanza, ila huko ulikuwa kilele cha kisa; hapa umekuwa bidhaa moja kati ya nyingi.

Maadui nao wameongezeka namna. Yupo anayevunjika mkono tu au kichwa tu, mahali pengine pote risasi inapita bure. Yupo ambaye ukimpasua vipande vyake vinakuwa risasi. Yupo mwenye silaha usiyoweza kumpokonya. Na wapo wachache wasiokufa kabisa, ambao unachoweza ni kuwakwepa huku ukimaliza wengine. Mmoja wao anaitwa Mraibu, na sidhani kwamba jina hilo lilichaguliwa kwa bahati.

Kama mngeniuliza kufikia hapo, ningesema wa kwanza ni bora. Ulikuwa na hoja, ukaisema, ukanyamaza. Huu wa pili ulinipa mambo mengi na karibu hakuna kisa. Tena una undumilakuwili uliokuwa ukinikera: kila baada ya vyumba kadhaa unamsuta mchezaji kwa tamaa yake, unamwambia hakuna tena cha kuona hapa, anataka nini zaidi, kisha unamfungulia mlango mwingine. Ni mwenyeji anayemkemea mgeni kwa ulafi huku mkononi ameshika upawa. Mpwa wangu hakukubaliana nami. Alisema hiyo ndiyo maana yenyewe ya mchezo, kwamba anayecheza anajua hakuna kitu na bado anaendelea. Nilimjibu kwamba tumbaku nayo huandikwa onyo kwenye pakiti, na hatumpi muuzaji tuzo ya unyofu. Tulikuwa bado tunabishana tulipofika mwisho, na mwisho ukanifanya nifikiri upya.

Unapoukaribia, mchezo unaanza kukunyang'anya. Uwezo ulioukusanya kwa jasho unachukuliwa mmoja mmoja, na kila mara ni wewe unayepiga hatua ya kuusalimisha. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akicheza, na nilimwona akikunja uso kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akikunja hata kwa matokeo ya mitihani. Akaendelea tu. Kisha skrini ikatulia, na tukaambiwa tungoje. Kulikuwa na saa ikihesabu kurudi nyuma. Tulikuwa tunadaiwa saa nane.

Hapakuwa na mzaha. Ili kurudishiwa kile kilichochukuliwa, mchezo lazima ubaki wazi na saa hizo zipite. Tuligeuza kipanya, tukagonga vitufe vyote. Saa haikujali. Ilikuwa usiku wa Jumamosi, kiasi cha saa mbili; hesabu ilionyesha kwamba ingekwisha saa kumi alfajiri. "Basi tungoje," akasema mpwa wangu, kwa sauti ya mtu anayemeza kitu kikavu. Ilipotimu saa sita alikuwa amelala kwenye kochi.

Nilibaki mimi na ile saa. Na hapo ndipo nilipoona jinsi mchezo wa pili ulivyojengwa juu ya wa kwanza, jambo ambalo mioyo na panga na tunu zote zilikuwa zimenificha. Wa kwanza ulinipa wakati. Kila risasi ilinisubiri mimi, na kwa jioni zote zile nilijiona mwenye saa. Huu wa pili ulirefusha udanganyifu huo kwa vyumba na vyumba, ukaupamba, kisha ukaniwekea mbele saa ambayo nikisogea haiendi haraka, na nikitulia haisimami. Ile sheria moja niliyokuwa nimeipenda ilikuwa mkopo, na sasa mwenye mali alikuwa ameichukua. Maneno ya programu katika mchezo wa kwanza, kwamba hutawali chochote, nilikuwa nimeyasoma kama kisa. Usiku ule nilikaa ndani yake.

Kuna jambo juu ya mji ilikotoka michezo hii. Łódź kwa Kipoland maana yake ni mashua, jina la ajabu kwa mji wa bara, lakini sifa yake ni viwanda vya nguo. Katika karne ya 19 ulikua kutoka mji mdogo hadi kuwa moja ya vituo vikubwa vya nguo katika dola ya Warusi, na maelfu ya watu waliamka kwa king'ora na kulala kwa king'ora. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson aliandika mwaka 1967 insha mashuhuri juu ya namna kiwanda kilivyomfundisha mfanyakazi kuishi kwa saa ya mwingine. Angeweza kabisa kuiandika juu ya Łódź. Juni 1905 wafanyakazi wa mji huo waliweka vizuizi barabarani na kupigana na majeshi ya mfalme wa Urusi. Mojawapo ya madai ya wafanyakazi wa zama zile, huko na kwingineko, lilikuwa siku ya kazi ya saa nane. Walikuja kuipata kwa amri ya tarehe 23 Novemba 1918, siku kumi na mbili tu baada ya Poland kupata uhuru wake. Sisemi kwamba vijana wa Łódź walikuwa na habari hii kichwani walipochagua idadi ile. Pengine walichagua urefu wa usingizi wa usiku mmoja. Mimi tu nilikuwa macho, na mtu aliye macho alfajiri hukumbuka mambo.

Nilimkumbuka baba. Marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alikwenda mara tisa katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kufuatilia faili lake la mafao. Alikuwa akiondoka kijijini usiku, anafika asubuhi akiwa na shati lililonyooshwa, anakaa kwenye benchi. Mchana anaambiwa aje wiki ijayo. Mara ya saba nilifuatana naye. Nilitaka kugomba, naye akanishika mkono na kuniambia, kwa sauti ya chini ya darasani, kwamba yule kijana wa dirishani naye anangoja saini ya mtu. Tuliketi pale karibu saa nane. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa najifunza sayansi ya siasa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya Javier Auyero, mwanasosholojia wa Argentina, aliyekaa na maskini wa Buenos Aires katika vyumba vya kungojea vya ofisi za serikali na kutoa kitabu juu yao mwaka 2012. Anasema, kwa ufupi wangu, kwamba dola haiwanyimi watu wale haki zao kwa kukataa. Inawangojesha, na katika kungoja wanajifunza kuwa wavumilivu, wenye shukrani, wasiouliza. Huwa naifundisha kazi hiyo kila mwaka. Wanafunzi wanaipenda, na kila mmoja ana hadithi ya dirisha lake.

Usiku ule niliyafikiria haya yote kwa ufasaha mkubwa, na huenda ningeyaandika siku hiyo hiyo kama makala kali dhidi ya watu wa madirishani, kama nisingeinua macho. Kando ya kompyuta palikuwa na lile lundo. Juu yake kulikuwa na sura ya pili ya tasnifu ya mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, msichana kutoka Kigoma anayesoma huku akilea mtoto. Alikuwa ameniletea Februari. Korona ilikuwa sababu nzuri ya miezi kadhaa. Haikuwa sababu ya miezi yote, maana katika miezi hiyo hiyo nilikuwa nimecheza mchezo mmoja hadi mwisho. Alikuwa amenipigia simu mara nne. Mara zote nilimjibu kwa upole, nikamwambia wiki ijayo, naye mara zote akasema, "Hakuna shida, Dokta. Nashukuru." Bila maoni yangu hakuweza kwenda uwandani. Kila nilipokuwa nimetulia, na dunia yake ilikuwa imetulia. Risasi zake zote zilining'inia hewani zikingoja nigeuze shingo.

Sikuwa nimewahi kujihesabu kati ya wenye saa. Mshahara wangu unachelewa kama wa wengine, na nimekaa kwenye mabenchi. Lakini kumbe baba alikuwa sahihi juu ya yule kijana wa dirishani kwa namna ambayo si ya kumtetea tu. Aliyengojeshwa anaweza kabisa kuwangojesha wengine, bila chuki, huku akitabasamu.

Wiki kadhaa baadaye mpwa wangu aliniambia kwamba watengenezaji wamepunguza kungoja kule hadi saa mbili na nusu, kwa kuwa watu wengi walilalamika. Alisikitika kidogo, kama mkongwe wa vita ambaye amesikia kwamba vijana wa sasa hawapigwi tena kambini. Mimi sikujua nisikitike au la. Najua tu kwamba kama ingekuwa saa mbili na nusu ningelala kochini kama yeye.

Saa kumi kasoro dakika chache skrini ilikuwa bado inahesabu. Mpwa wangu alikuwa amefunua mdomo, mkono mmoja sakafuni. Nilikuwa nimeahidi kumwamsha mwisho ukifika ili ajionee mwenyewe kinachotokea. Saa ikaisha, mchezo ukatufungulia mlango, na mimi sikugeuka kutazama kwa sababu nilikuwa ukurasa wa ishirini na sita nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, nikijaribu kuelewa ni kwa nini msichana yule alikuwa ameacha kutumia takwimu za wilaya na kwenda kuwauliza wavuvi wenyewe. Ilikuwa sura nzuri kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa na makosa mawili ya mbinu, ambayo ningeweza kumwonyesha Machi.